Imamu Ghazali na Hesabu ya Nafsi

Mwezi wa Muharamu unapoandama, mwaka mwingine wa Hijriya huanza, na watu wengi hutia nia ya kutengeneza mwenendo wao. Lakini mara nyingi nia hizo hufifia kabla mwezi haujaisha. Basi inafaa tuyatazame maisha ya mtu aliyeihesabu nafsi yake kwa kweli, naye ni Imamu Abu Hamid Muhammad Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Imamu Ghazali alizaliwa mwaka 450 Hijriya (1058) huko Tus, katika nchi ya Khurasani, mahali ambapo leo pamo ndani ya Iran. Baba yake alifariki yeye na nduguye Ahmad wangali wadogo, akawaacha mikononi mwa rafiki yake mchamungu. Urithi wao mdogo ulipokwisha, watoto hao waliingia chuoni wapate chakula pamoja na elimu. Baadaye alisoma Nishapur kwa Imamu Juwaini, na mwaka 1091 Waziri Nizamul-Mulk akamfanya mwalimu wa chuo cha Nizamiya, Baghdad. Wanafunzi 300 walikuwa wakimsikiliza, na heshima yake ilikuwa kubwa mbele ya watawala.

Hapo ndipo alipoanza kujichunguza. Alipoipima nia yake katika kufundisha, aliona kwamba hakuwa akitafuta radhi ya Mwenyezi Mungu peke yake, bali cheo na sifa. Tangu mwezi wa Rajabu mwaka 488 (1095) alivutwa huku na huku kwa miezi kadhaa: asubuhi huazimia kuondoka, na jioni tamaa ya dunia humrudisha nyuma. Mwishowe ulimi wake ulifungika, akashindwa kufundisha, wala chakula hakikupita kooni. Waganga waliona kwamba ugonjwa umetoka moyoni, wakakata tamaa.

Akamlilia Mwenyezi Mungu, na lililokuwa gumu likawa jepesi. Aligawa mali yake, akibakiza ya kumtosha yeye na riziki ya watoto wake, akaiacha Baghdad. Alikaa Damasko, akijifungia katika mnara wa msikiti mkuu. Kisha akaenda Yerusalemu, na baadaye akahiji Makka. Mapumziko yake hayakuwa uvivu. Aliupumzisha moyo na mabishano na sifa za watu, akaushughulisha na ibada.

Katika miaka hiyo ya upweke aliandika kitabu chake kikubwa, Ihyau Ulumid-Din, chenye sehemu 40. Humo ameeleza jinsi ya kuugawa mchana katika nyakati saba, kila wakati na kazi yake ya ibada, elimu, riziki au pumziko. Tena ameifananisha nafsi na mshirika wa biashara: asubuhi mtu huwekeana naye sharti, mchana humwangalia, na jioni hufanya naye hesabu ya faida na hasara. Katika kitabu kingine, Bidayatul-Hidaya, amefundisha kwamba usingizi usizidi saa nane kwa usiku na mchana, kwani hata hivyo mwenye kuishi miaka 60 huwa amelala miaka 20.

Je, alijitenga na watu daima? La! Haja za watoto wake zilimrudisha nyumbani, na mwishoni mwa mwaka 499 (1106), karne mpya ya Hijriya ilipokaribia, alikubali kufundisha tena, huko Nishapur. Alikumbuka ahadi ya Mtume Mtukufu s.a.w. kwamba Mwenyezi Mungu huihuisha dini mwanzoni mwa kila karne. Kazi ilikuwa ile ile aliyoikimbia, lakini nia ilikuwa nyingine. Alifariki kwao Tus mwaka 505 (1111).

Ndugu msomaji, hatuwezi sote kuacha kazi zetu na kusafiri, wala hatukuamrishwa hivyo. Lakini ni nani asiyeweza kukaa kidogo kabla ya kulala, akaiuliza nafsi yake ilimfanyia nani kazi siku ile? Mwaka mpya hauletwi na mwezi mwandamo tu, bali na hesabu ya kila jioni. Mwenyezi Mungu atutakasie nia zetu. Amin.