Joe Harriott: Mpiga Saksafoni Aliyekutanisha Jazi na Muziki wa India

Miongoni mwa wanamuziki waliovunja mipaka ya jazi katika miaka ya sitini, jina la Joe Harriott lina nafasi ya pekee. Mpiga saksafoni huyo alithibitisha kuwa muziki wa mataifa mawili unaweza kukaa meza moja bila mmoja kuumeza mwingine.

Harriott alizaliwa tarehe 15 Julai, 1928, jijini Kingston, Jamaika. Alilelewa na kufundishwa muziki katika shule ya wavulana ya Alpha, iliyoendeshwa na watawa wa Kikatoliki. Mwaka 1951 aliwasili Uingereza na bendi iliyokuwa ziarani, akabaki huko, na baada ya muda mfupi akahesabiwa miongoni mwa wapigaji hodari wa jijini London.

Akiwa amelazwa hospitalini kwa ugonjwa wa mapafu, alipata wazo jipya: wapigaji waachane na mpangilio wa sauti uliokubaliwa kabla, kila mmoja ajibu anachokisikia kutoka kwa wenzake. Wazo hilo lilizaa santuri ya Free Form, kisha Abstract, ambayo jarida la Down Beat la Marekani liliitunuku nyota tano.

Uhuru huo ndio uliomwandaa kwa kazi kubwa zaidi. Mtayarishaji wa muziki Denis Preston alimkutanisha na John Mayer, mtunzi na mpiga fidla mzaliwa wa Calcutta, India. Wawili hao waliunda kundi la watu kumi: watano wa jazi, na watano wengine kwa fidla, sitari, tabla, tambura na filimbi. Idadi hiyo sawa ilikuwa na maana, kwani hakuna upande uliokuwa mgeni wa mwenzake.

Kazi haikuwa nyepesi. Mpiga jazi amezoea kutunga papo hapo juu ya mfuatano wa sauti za piano, ilhali muziki wa India hufuata raga, yaani mpangilio maalumu wa noti, na tala, mzunguko wa mapigo unaohesabiwa kwa makini. Mayer aliandika tungo zilizotunza kanuni hizo, naye Harriott akatunga ndani yake bila kupoteza sauti yake mwenyewe. Santuri ya Indo-Jazz Suite ilitoka mwaka 1966, zikafuata mbili za Indo-Jazz Fusions mwaka 1967 na 1968.

Hata hivyo, sifa hazikumletea riziki ya kutosha. Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Harriott alicheza ugenini. Miaka yake ya mwisho aliipitisha akizunguka miji ya Uingereza, akipiga na bendi za wenyeji kwa malipo madogo. Alifariki dunia kwa saratani mjini Southampton tarehe 2 Januari, 1973, akiwa na umri wa miaka 44.

Mayer alilifufua kundi hilo katika miaka ya tisini, na santuri za Harriott zikachapishwa upya. Leo, wanamuziki wa jazi na wa India wanapokaa jukwaa moja kwa hadhi sawa, wanapita njia ambayo yeye alikuwa miongoni mwa walioifungua, ingawa hakuishi kuyaona matunda yake.