Akitsune Imamura, mtaalamu aliyetangaza hatari ya mtetemeko akaonekana mzushi

Tarehe 1 mwezi wa tisa 1923, dakika mbili mbele ya saa sita mchana, ardhi ilitetemeka kwa nguvu huko Tokyo na Yokohama, inchini Japani. Ilikuwa saa ya kupika. Moto ulishika nyumba za mbao, na watu karibu 105,000 walikufa ao kupotea.

Mtu mmoja alikuwa ametangaza hatari hiyo tangu mwaka wa 1905: Akitsune Imamura, mzaliwa wa Kagoshima mwaka wa 1870 na mwalimu wa chuo kikuu cha Tokyo. Aliandika kwamba mtetemeko mkubwa unaweza kupiga mji huo ndani ya miaka 50, na kwamba moto unaweza kuua zaidi ya watu 100,000. Alitaka wakaaji wajitayarishe. Lakini magazeti yalikuza habari, watu wakaogopa, na mkubwa wake wa kazi, profesa Fusakichi Omori, akamkanusha mbele ya wote. Kwa miaka mingi Imamura alionekana mzushi.

Omori alikuwa Australia wakati mji ulipoungua. Alirudi mgonjwa, akafariki mwezi wa kumi na moja, na Imamura akachukua kiti chake.

Kisha Imamura aligeukia pwani ya Nankai, kusini-magharibi mwa Japani, ambako sakafu ya bahari inaingia polepole chini ya inchi kavu. Mitetemeko mikubwa ilipiga hapo mwaka wa 1707 na 1854. Aliona kwamba mwingine utakuja. Mwaka wa 1928 alianzisha kituo cha uchunguzi huko Wakayama. Aliamini kwamba ardhi inaweza kusogea kidogo mbele ya mtetemeko, kwa hiyo aliomba wapimaji wa jeshi wafuatilie kimo cha ardhi.

Tarehe 7 mwezi wa kumi na mbili 1944, wapimaji walikuwa kazini karibu na Kakegawa. Vipimo vyao vilikataa kulingana. Siku hiyohiyo mtetemeko ukapiga. Ilikuwa wakati wa vita, na serikali ilificha ukubwa wa maafa. Mwaka wa 1946, mwingine ulipiga upande wa magharibi wa pwani hiyo. Kila mara zaidi ya watu 1,000 walikufa. Imamura alifariki tarehe 1 mwezi wa kwanza 1948.

Wataalamu wangali wanabishana juu ya vipimo vya Kakegawa: je, ardhi ilikuwa imeanza kuteleza, ao wapimaji walikosea? Lakini tangu mwaka wa 2002 imejulikana kwamba chini sana ya pwani hiyo kuna mitetemo midogo isiyosikika na watu. Inaendana na miamba kuteleza polepole kwa siku kadhaa, na maji yaliyofungwa ndani ya miamba yanapunguza mshiko wake. Mwendo huo unaweza kuongeza mzigo kwenye sehemu ya juu iliyokwama, ile inayoleta mtetemeko mkubwa. Ni mwendo gani utaifungua, hakuna anayeweza kusema. Ndiyo maana Japani ingali inapima pwani hiyo usiku na mchana, hata chini ya bahari.