JOHN NEWTON: USIKU MMOJA WA DHORUBA, MIAKA AROBAINI YA KUNYENYEKEA

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kuusikia wimbo uitwao Amazing Grace. Huimbwa makanisani, huimbwa matangani, na hata yule asiyejua maneno yake hujikuta akiufuatisha kwa pua. Lakini je, wamjua aliyeutunga? Alikuwa Mwingereza jina lake John Newton, na kazi yake ya ujana ilikuwa kununua na kuuza watumwa. Naam, watumwa! Waafrika kama mimi na wewe.

Watu wengi husimulia habari zake kwa ufupi hivi: alikuwa mwovu kupindukia, dhoruba ikaja, akamlilia Mungu, akaokoka, na papo hapo akaigeuza meli akawarudisha watumwa kwao. Ni hadithi tamu kama asali, ila sivyo ilivyokuwa. Nimeamua kuwasimulia ilivyokuwa, wanachama wenzangu na walimu wetu, kwa sababu naona kwamba ile ya kweli, ijapokuwa chungu kama shubiri, ina faida kubwa zaidi kwetu.

Newton alizaliwa mjini London mwaka wa 1725. Babake alikuwa nahodha wa meli za biashara, kwa hivyo hakukaa sana nyumbani. Mamake, Elizabeth, ndiye aliyemlea. Alimfundisha kusoma, akamfundisha Maandiko na nyimbo za dini, na tumaini lake lilikuwa kwamba siku moja mwanawe angekuwa mhubiri. Lakini maskini, mama yule aliugua kifua kikuu akafariki mwaka wa 1732, mtoto akiwa bado kidogo atimize miaka saba. Baba akaoa mke mwingine, na kijana alipofikisha umri wa miaka 11 akachukuliwa baharini. Umri ambao mtoto wa kwetu yungali shule ya msingi, yeye alikuwa tayari anajifunza kazi ya matanga na kamba, na pia kutukana jinsi mabaharia walivyotukana.

Mwaka wa 1744 alikamatwa kwa nguvu akaingizwa katika jeshi la wanamaji, kama ilivyokuwa desturi ya Uingereza siku hizo. Manowari yake iliitwa Harwich. Humo alijifunza kuikejeli dini aliyofunzwa na mamake. Alitoroka, akashikwa, akachapwa viboko mbele ya wenzake na kuvuliwa cheo. Moyo wake ulijaa chuki hata akawaza kumwua nahodha au kujitosa majini. Jambo lililomzuia, pamoja na mengine, lilikuwa msichana mmoja aitwaye Mary Catlett, ambaye alimpenda tangu akiwa na miaka 17 na hakutaka amfikirie vibaya. Hatimaye wakubwa wake walichoka naye, wakambadilisha na mabaharia wa meli nyingine iliyokuwa ikielekea Afrika Magharibi kununua watumwa.

Huko pwani ya Sierra Leone, Newton alishuka akaajiriwa na Mzungu mmoja aliyekuwa mfanyabiashara ya watumwa. Alidhani ametajirika. Kumbe! Alishikwa na homa kali, na mwajiri wake aliposafiri, mke wake, mwanamke Mwafrika mwenye cheo, alimwacha mgonjwa yule alale njaa. Baadaye mwajiri mwenyewe naye akamgeuka, akawa anamfunga melini na kumpa kiganja cha wali kwa siku. Alivaa matambara, akala mizizi mibichi aliyoing'oa shambani usiku, na aliamrishwa kupanda midimu kama mtumwa.

Sasa hapa naomba usome polepole. Wakati ule wa dhiki, miongoni mwa waliomsaidia walikuwa watumwa waliofungwa minyororo. Hao, ambao chakula chao wenyewe kilikuwa cha kubahatisha, walimpelekea kidogo kwa siri. Newton mwenyewe aliandika jambo hili miaka mingi baadaye. Mtu mweupe aliyevuka bahari kuja kuwauza alilishwa na wale wale waliokuwa wakingoja kuuzwa. Tulishike hilo, tutalirudia.

Babake alipopata barua za mwanawe alimwomba rafiki yake wa Liverpool amtafute. Mwaka wa 1747 meli iliyoitwa Greyhound ilimkuta, lakini wakati huo alikuwa amepata mwajiri mwingine na mambo yake yalikuwa yameanza kunyooka, hata hakutaka kurudi. Nahodha alimdanganya kwamba kuna urithi unaomngojea kwao, ndipo akapanda. Safarini alitukana matusi ambayo hata mabaharia waliozoea matusi walishtuka. Aliidhihaki Injili waziwazi.

Basi ikafika usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1748 kwa kalenda ya wakati ule, ambayo kwa kalenda yetu ni tarehe 21. Meli ilikuwa kaskazini mwa bahari ya Atlantiki. Newton aliamshwa usingizini na maji yaliyoingia chumbani mwake. Alipokimbilia ngazi, nahodha alimtuma kisu. Akarudi kukichukua, na mtu mwingine akapanda mahali pake. Mtu huyo alipofika juu tu, wimbi lilimzoa, asionekane tena. Hebu fikiria! Hatua chache tu, naye angekuwa ndiye aliyekwenda.

Ubao wa upande mmoja ulikuwa umepasuka. Mabaharia walipiga pampu kufa na kupona, wakaziba nyufa kwa nguo na matandiko yao. Kilichowaokoa ni kwamba shehena yao ilikuwa nta ya nyuki na mbao nyepesi, vitu ambavyo huelea. Katikati ya purukushani ile Newton alisema neno la kumwomba Bwana awarehemu, kisha akashtushwa na kinywa chake mwenyewe, maana kwa miaka mingi hakuwa ametamka neno kama hilo kwa dhati. Akajiuliza, mtu kama yeye anaweza kupewa rehema gani? Alifungwa kwa kamba asichukuliwe na maji, akapiga pampu hadi nguvu zikamwishia, kisha akawekwa kwenye usukani akawaza maisha yake yote huku akiongoza meli ile iliyovunjika.

Walielea majuma manne, chakula kikawa karibu kwisha. Nahodha alimwona kuwa yeye ndiye Yona aliyewaletea balaa. Tarehe 8 Aprili walitia nanga katika ghuba ya Lough Swilly, Ireland, wakati chakula chao cha mwisho kikiwa kinatokota chunguni. Haikupita saa mbili upepo mkali ukavuma, upepo ambao ungeizamisha meli ile lau wangekuwa bado baharini. Newton aliamini tangu siku hiyo kwamba yuko Mungu anayesikia maombi. Aliacha matusi. Kila mwaka, hadi uzeeni, aliiadhimisha tarehe ya dhoruba ile kwa maombi.

Wengi hukomea hapo wakasema Amina. Lakini ngoja kwanza. Mwaka ule ule wa 1748 Newton alirudi baharini akiwa msaidizi wa nahodha. Meli ya namna gani? Ya watumwa! Mwaka wa 1750 alimwoa Mary wake, kisha akafanywa nahodha. Kati ya mwaka huo na 1754 aliongoza safari tatu, akanunua wanaume, wanawake na watoto katika pwani ya Afrika Magharibi na kuwapeleka visiwa vya Karibi. Jumapili aliwasalisha mabaharia wake juu, huku chini ya sakafu ile ile watu wamelazwa kwa minyororo, wamebanana kama dagaa. Daftari lake la safari lingaliko hadi leo, na humo ameandika jinsi alivyowabana wavulana kwa vibano vya chuma vya vidole ili waseme ni nani waliopanga uasi. Na jioni aliketi kumwandikia mkewe barua za mapenzi.

Nilipoyasoma haya kwa mara ya kwanza niliufunga ule ukurasa. Niliuliza: huyu aliokoka nini? Jibu ninaloliona ni kwamba biashara ile ilihesabiwa kuwa kazi ya heshima. Matajiri wa Liverpool waliifanya, wanasiasa waliitetea, na makanisani hakuna aliyemwambia nahodha kuwa anatenda dhambi. Newton alikuwa ameacha dhambi ambazo kila mtu aliziita dhambi. Ile ambayo watu waliisifu, hiyo hakuiona. Yeye mwenyewe baadaye alikiri kwamba katika miaka ile hakuwa bado amekuwa muumini kwa maana kamili ya neno hilo.

Hata kuiacha bahari hakukutokana na dhamiri. Mwaka wa 1754 alianguka ghafla kwa ugonjwa, madaktari wakamshauri asisafiri tena. Alipata kazi ya forodha katika bandari ya Liverpool. Hapo ndipo Mungu alipoanza kumshusha polepole, kama mtu anayeteremka ngazi. Alijifundisha Kiyunani na Kiebrania, na mwaka wa 1758 akaomba kuwa kasisi. Alikataliwa. Akaomba tena, akakataliwa tena. Nahodha aliyezoea kuamuru sasa alibisha milango ya maaskofu kwa miaka sita, hadi 1764 alipowekwa wakfu na kupelekwa Olney, mji mdogo wa watu fukara walioishi kwa kufuma kamba nyembamba za urembo wa nguo. Huko aliwatembelea wagonjwa akiwa amevaa koti lake kuukuu la ubaharia. Rafiki yake mkubwa alikuwa mshairi William Cowper, aliyesumbuliwa na ugonjwa wa huzuni hata akajaribu kujiua, na Newton hakumtupa. Wawili hao walitunga nyimbo kwa ajili ya waumini wale wa kawaida, zikachapishwa kitabu mwaka wa 1779. Amazing Grace ilitayarishwa kwa ibada ya Mwaka Mpya, tarehe 1 Januari 1773. Muziki tunaouimbia leo uliunganishwa nayo baadaye sana, kule Marekani, mwaka wa 1835.

Mwaka wa 1780 alihamia kanisa la St Mary Woolnoth, London. Desemba 1785 alitembelewa kwa siri na mbunge kijana, William Wilberforce, aliyekuwa ameguswa na imani akitaka kuacha siasa. Newton alimshauri abaki Bungeni, kwani Mungu angeweza kumtumia huko huko. Wilberforce alibaki, akawa ndiye aliyepeleka Bungeni hoja ya kukomesha biashara ya watumwa.

Kisha ukafika mwaka wa 1788, miaka 40 kamili tangu dhoruba. Newton, mzee wa miaka 62, kasisi aliyeheshimiwa, aliandika kijitabu juu ya biashara ile. Angeweza kunyamaza, kwani hakuna aliyemlazimisha. Lakini alijianika mbele ya taifa zima. Alieleza minyororo, vibano, maiti zilizotupwa baharini, na jinsi wanawake walivyotendewa, akakiri kwamba ungamo lake limechelewa mno na kwamba kushiriki kwake kungemwaibisha na kumtetemesha moyo siku zote. Nakala zilipelekwa kwa wabunge. Alitoa ushahidi mbele ya Baraza la Mfalme mwaka ule, na mbele ya kamati ya Bunge mwaka wa 1790. Maneno yake yalikuwa na uzito, kwa maana hayakuwa ya kusikia. Yalikuwa ya aliyetenda.

Tarehe 25 Machi 1807 sheria ya kupiga marufuku biashara hiyo katika milki ya Uingereza ilipata idhini ya mfalme. Newton alikuwa kipofu karibu kabisa, lakini alikuwa hai. Alifariki tarehe 21 Desemba mwaka huo huo. Maneno ya kaburi lake aliyaandika mwenyewe, na hakuficha humo kwamba alikuwa mtumishi wa watumwa katika Afrika. Sheria ile, hata hivyo, haikuwafikia watu wa pwani yetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, Frere Town ikaanzishwa Mombasa mwaka wa 1875 kwa ajili ya waliokombolewa, na hapa kwetu utumwa haukukomeshwa kisheria hadi 1907. Ukipita Kengeleni utaiona kengele yao.

Sasa nirudi kwa wale waliomlisha. Naona mimi kwamba rehema ya Mungu haikumfikia Newton kwa mara ya kwanza baharini. Ilimfikia kule Sierra Leone, katika mkono wenye mnyororo uliomletea chakula. Lakini alikuwa na kiburi, hakuutambua mkono ule ulikuwa wa nani. Dhoruba ilimfundisha kupiga magoti mbele ya Mungu kwa usiku mmoja. Kuinama mbele ya Mwafrika aliyemdhulumu kulimchukua miaka arobaini. Na bila hilo la pili, lile la kwanza lilikuwa nusu tu.

Wako wanaosema wimbo wake tusiuimbe, mikono yake ilikuwa na damu. Siwalaumu. Mimi nitauimba, lakini nikiuimba nitawakumbuka wale wasiojulikana majina ambao hawakufika kuandika wimbo wowote. Na kwa sisi tunaosimama kutoa ushuhuda kwamba tumeokoka, na hilo ni jambo jema, tujiulize swali moja: ni dhambi gani ambayo kila mtu karibu nasi anaisifu, hata hatuioni? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Newton alisifiwa, akaendelea. Siku aliyojishusha mwenyewe, ndipo akawa mtu.