Gunpei Yokoi, mzee wa betri nne

Leo namkumbuka Gunpei Yokoi, Mjapani aliyeingia Nintendo mwaka 1965 kama fundi wa mitambo ya kutengeneza karata. Jamaa alipenda vifaa vya bei poa vilivyokwisha zoeleka. Mwaka 1989 timu yake ikatoa Game Boy: kioo hakina rangi, ila betri nne zilidumu zaidi ya masaa 10. Marekani iliuzwa pamoja na gemu ya Tetris. Sega wakaja 1990 na Game Gear yenye rangi, inayomaliza betri sita kwa masaa machache tu. Wakapigwa bao! Mimi niliyekulia Kaengesa, redio ikizimwa mapema ili betri zifike Jumapili, namuelewa kabisa. Aligongwa na gari akafariki 1997. Wadau, nyie mngechagua rangi au betri?