Mashoto na Gitaa Lililokataliwa

Wapo wazazi ambao hadi leo humpiga mtoto kofi anaposhika kalamu kwa mkono wa kushoto. Kwao, na kwa walimu wenye mawazo kama hayo, ningependa kusimulia habari za marehemu Albert King, mwanamuziki wa blues wa Marekani.

Albert Nelson, kwani hilo ndilo jina alilozaliwa nalo, alizaliwa jimboni Mississippi tarehe 25 Aprili 1923. Alikulia Arkansas akichuma pamba, na ukubwani akawa dereva wa tingatinga. Gitaa alijifunza mwenyewe. Kwa kuwa alikuwa mashoto, alilichukua gitaa lililoundiwa watu wa mkono wa kulia, akaligeuza, wala asijisumbue kuzipanga nyuzi upya. Basi nyuzi nyembamba zikawa juu, nene zikawa chini. Wenzake waliusukuma uzi juu ili kuipandisha sauti; yeye aliuvuta chini, kwa nguvu za pande la mtu aliyezidi futi sita. Uzi ulilia kama mja aliyefiwa.

Palikuwa na taabu moja. Magitaa mengi ya umeme hukatwa pembe upande mmoja ili mkono ufikie sauti za juu kabisa. Ukiligeuza gitaa la namna hiyo, pembe hiyo huwa upande usiokufaa.

Mnamo 1958 kampuni ya Gibson ilitoa gitaa liitwalo Flying V, lenye umbo la herufi V, mfano wa kichwa cha mshale. Wanunuzi walilitazama, wakalipita. Kufikia 1959 kampuni ilikuwa imekoma kuliunda, na yaliyotoka kiwandani hayakutimia hata mia moja. Lakini herufi V haina kulia wala kushoto. Pande zake hulingana. Albert alijipatia moja, akalipa jina la Lucy. Hata alipoundiwa jingine mwaka 1972, umbo lilikuwa lile lile, na likawa alama yake hadi mwisho.

Neema haikumjia mapema. Alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 40 alipojiunga na kampuni ya Stax mjini Memphis mwaka 1966. Mwaka uliofuata ikatoka sahani yake mashuhuri, Born Under a Bad Sign. Ndipo mabingwa kama Eric Clapton na Stevie Ray Vaughan, watu wa mkono wa kulia, wakahangaika kuiiga sauti iliyozaliwa na mkono wa kushoto. Albert alifariki Memphis tarehe 21 Desemba 1992.

Nami ni mashoto. Nilipokuwa darasa la kwanza, mwalimu mmoja alinipiga vidole kwa rula hadi nikahamia mkono wa kulia. Alifaulu, ila hati yangu haisomeki hadi leo.

Najua nitaambiwa kuwa mkono wa kushoto haufai mezani. Adabu ya mezani naiheshimu. Lakini kalamu si sahani ya pilau, na gitaa si kikombe cha chai. Lau Albert angalifungwa mkono ule utotoni, pengine Marekani ingalipata dereva mmoja zaidi wa tingatinga, basi. Mzazi mwenzangu, kabla ya kuinua rula, mwache mtoto aandike kwanza.