Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria aliyeipatia dunia chanjo ya homa ya manjano

Kadi ya njano ambayo msafiri huionesha mpakani na katika viwanja vya ndege vya Afrika Mashariki ni ushahidi kwamba mwenye nayo amechanjwa dhidi ya homa ya manjano. Chanjo hiyo ni kazi ya Max Theiler, mtafiti aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, tarehe 30 Januari, 1899, akiwa mtoto wa mwisho kati ya wanne wa Arnold Theiler.

Baba huyo, Mswisi kwa asili, alikuwa daktari wa mifugo mwenye sifa kubwa kwa utafiti wake wa sotoka na magonjwa mengine ya wanyama, na ndiye mwanzilishi wa kituo cha Onderstepoort. Alimtaka mwanawe awe tabibu. Max alisoma Cape Town, na mwaka 1919 akasafiri kwenda London, ambako Chuo Kikuu kilikataa kuitambua miaka yake ya masomo ya Cape Town. Aliendelea katika Hospitali ya St Thomas, akahitimu mwaka 1922 na kupata stashahada ya tiba ya magonjwa ya nchi za joto, lakini shahada ya udaktari hakuipata maishani mwake.

Mwaka huohuo alijiunga na idara ya tiba ya nchi za joto ya Chuo Kikuu cha Harvard, mjini Boston. Wakati ule mtafiti mashuhuri, Hideyo Noguchi, alikuwa ameitangazia dunia kwamba homa ya manjano huletwa na bakteria. Theiler na mkuu wake, Andrew Sellards, walionesha kwamba bakteria huyo ni yule wa ugonjwa mwingine kabisa unaoenezwa na panya. Mwaka 1927 watafiti waliokuwa Afrika Magharibi waliambukiza tumbili wa Asia kwa damu ya kijana mmoja wa Gold Coast, Ghana ya leo, aliyeitwa Asibi. Asibi alipona, na kirusi kilichotoka katika damu yake kimebeba jina lake hadi leo. Adrian Stokes, mmoja wa watafiti hao, alikufa kwa ugonjwa huo mwaka huohuo. Noguchi naye alifia Accra mwezi Mei 1928, ameuawa na maradhi aliyokwenda kuyachunguza.

Tumbili walikuwa ghali na wachache. Theiler akajaribu panya weupe wa maabara, na hapo ndipo ulipo ufunguo wa kazi yake yote. Alipowadunga kirusi ndani ya ubongo waliugua na kufa, si kwa ini kuharibika kama binadamu, bali kwa uvimbe wa ubongo. Aliona pia kwamba kadiri kirusi kilivyohamishwa kutoka panya hadi panya, ndivyo kilivyozidi kudhoofika kwa tumbili. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1929, yeye mwenyewe aliambukizwa maabara. Aliugua kidogo, akapona, akabaki na kinga.

Panya wale walileta pia kipimo. Majimaji ya damu ya mtu yalichanganywa na kirusi kisha panya akadungwa. Akiishi, mtu yule ana kinga, maana yake aliwahi kuugua. Kwa kipimo hicho ukubwa wa eneo la ugonjwa barani Afrika ukajulikana, na mwaka 1936 Taasisi ya Rockefeller ikafungua kituo cha utafiti Entebbe, Uganda.

Theiler alikwisha kuhamia maabara ya taasisi hiyo mjini New York tangu mwaka 1930. Kirusi cha panya hakikumridhisha, kwa kuwa kiliweza kudhuru ubongo wa binadamu. Alirudi kwa kirusi cha Asibi na kukiotesha katika tishu za vijusi vya panya, kisha vya kuku, na mwishowe katika tishu za kuku zilizoondolewa ubongo na uti wa mgongo. Ilikuwa kazi ya kuchosha, ya kuhamisha kutoka chupa hadi chupa kwa miaka. Mahali fulani kati ya uhamisho wa 89 na wa 114, katika mfululizo uliopewa alama 17D, kirusi kilipoteza ukali wake bila kupoteza uwezo wa kuleta kinga. Alijaribu kuyarudia mabadiliko hayo katika mifululizo mingine, hakufanikiwa.

Mwaka 1937 yeye na Hugh Smith walitangaza matokeo, na Smith akaenda Brazil kuijaribu chanjo kwa umma. Kufikia mwaka 1939 waliochanjwa huko walikuwa wamepita milioni 1. Njia haikuwa laini. Mwaka 1941 baadhi ya waliochanjwa Brazil walipata uvimbe wa ubongo, kwa sababu kirusi kilikuwa kimehamishwa kupita kiasi. Tangu hapo chanjo hutengenezwa kutokana na akiba moja ya mbegu isiyoendelezwa ovyo. Mwaka 1942 makumi ya maelfu ya askari wa Marekani waliugua homa ya ini iliyotokana na majimaji ya damu ya binadamu yaliyochanganywa katika chanjo. Yakaondolewa.

Theiler alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1951. Wakati huo njia yake ya panya ilikuwa chombo cha kila siku huko Entebbe, ambako kirusi cha Zika kilipatikana mwaka 1947, na ilitumika tena kukipata kirusi cha chikungunya baada ya mlipuko wa mwaka 1952 katika nyanda za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Jina la ugonjwa huo limetoka katika Kimakonde.

Mtu huyu mfupi, mpenzi wa besiboli, aliishi Marekani nusu karne bila kuchukua uraia wake. Mwaka 1964 alihamia Chuo Kikuu cha Yale, akafundisha hadi 1967. Alifariki New Haven tarehe 11 Agosti, 1972. Kitabu alichoandika pamoja na Wilbur Downs kuhusu virusi vinavyoenezwa na mbu, kupe na wadudu wengine kilitoka mwaka uliofuata.