Bobby Farrell wa Boney M.: alicheza dunia nzima, sauti ilikuwa ya mwingine

Kila Noeli inapokaribia, nyimbo za kundi la Boney M. zinarudi redioni, madukani na kwenye sherehe za familia. Waliowahi kuona video zao za zamani wanamkumbuka mwanaume mmoja mwenye nywele nyingi, akirukaruka na kuzunguka katikati ya wanawake watatu. Huyo alikuwa Bobby Farrell. Lakini ile sauti nzito ya kiume inayosikika kwenye diski haikuwa yake.

Farrell alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1949 katika kisiwa cha Aruba, kwenye bahari ya Karibi, kilichokuwa chini ya Uholanzi. Akiwa na miaka 15 aliacha nyumbani na kwenda kufanya kazi ya ubaharia. Baadaye aliishi Norwe na Uholanzi, kisha akaingia Ujerumani, ambako alikuwa akipiga muziki wa diski kwenye vilabu vya usiku.

Huko Ujerumani, mtayarishaji wa muziki Frank Farian alikuwa ametoa wimbo mwaka 1975 kwa jina la Boney M., akiimba peke yake studioni. Wimbo ulipoanza kupendwa, televisheni zilitaka kuwaona waimbaji. Farian alihitaji sura za kuonyesha. Akawakusanya Liz Mitchell na Marcia Barrett, wote wazaliwa wa Jamaika, Maizie Williams wa kisiwa cha Montserrat, pamoja na Farrell.

Kazi iligawanywa hivi: Mitchell na Barrett waliimba studioni, Farian akaweka sauti ya kiume, Farrell na Williams wakapamba jukwaa. Mwaka 1978 Farian alikiri jambo hilo hadharani. Mashabiki hawakulikimbia kundi. Mwaka huohuo wimbo wao wa Noeli, Mary's Boy Child, ulishika nafasi ya kwanza Uingereza na kuuza nakala zaidi ya milioni moja. Desemba hiyo kundi lilialikwa kupiga muziki Moscow, jambo lisilo la kawaida kwa wasanii wa Magharibi wakati wa vita baridi.

Mwaka 1981 Boney M. walitoa albamu nzima ya Noeli. Ndani yake, pamoja na nyimbo za Kiingereza, mna Petit Papa Noël, wimbo unaojulikana sana na watu wanaosema Kifaransa. Muda mfupi baada ya albamu hiyo, Farrell aliondolewa kundini. Mwaka 1982 nafasi yake ilichukuliwa na Reggie Tsiboe, mzaliwa wa Ghana. Farrell alirudi mwaka 1984, lakini kundi lilivunjika mwaka 1986.

Kwake yeye, maisha baada ya hapo yalikuwa ya kutafuta riziki jukwaani. Aliyeweka sauti kwenye diski alikuwa mwingine, hivyo alichobaki nacho Farrell ni jina na miguu yake. Aliunda kundi lake, akalipa jina la Boney M., na kuzunguka nchi mbalimbali akiimba kwa sauti yake mwenyewe. Wenzake wa zamani nao walifanya hivyo, kila mmoja na kundi lake.

Farian kwa upande wake alirudia mtindo uleule na vijana wawili wa Milli Vanilli. Safari hii haikuwa na msamaha: mwaka 1990 ilipojulikana kwamba hawakuimba kwenye albamu yao, walinyang'anywa tuzo ya Grammy.

Farrell aliendelea kucheza hadi siku ya mwisho. Tarehe 30 Desemba 2010 alikutwa amefariki katika chumba cha hoteli mjini Saint Petersburg, Urusi, baada ya kutumbuiza jioni iliyotangulia. Alikuwa na miaka 61. Wengi walishangaa: Rasputin, mtu aliyeimbwa na Boney M. mwaka 1978 na ambaye Farrell alimuigiza jukwaani kwa miaka mingi, aliuawa katika mji huohuo tarehe 30 Desemba 1916.

Alizikwa Amsterdam, Uholanzi. Farian alifariki Januari 2024. Na kila Desemba, sauti ya mmoja inapotoka kwenye redio, wasikilizaji wengi bado wanaona sura ya mwingine.